Kuunganisha mashine ya gemu kwenye monita ya kompyuta: mwongozo kamili kwa waliokwama kwenye "No Signal"

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya kioo cheusi chenye maandishi "No Signal" katikati, na chini yake swali moja: "Kaka, nimekosea wapi?" Amenunua waya, amechomeka, hakuna kitu. Akarudi dukani akanunua mwingine wa bei juu zaidi, bado hakuna kitu. Mara nyingi gemu ni nzima na monita ni nzima. Tatizo ni kwamba pesa ilitoka mfukoni kabla macho hayajaangalia matundu.

Mfano ninaoutumia hapa ni ule ninaokutana nao zaidi: PS4, na monita ya ofisi iliyotumika Ulaya, inchi 17 au 19, kama zile zinazopangwa juu kwa juu kwenye maduka ya Kariakoo. PS2, PS3, Xbox na Switch nitazigusa pale zinapoachana njia na PS4.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mashine ya gemu na waya wake wa umeme.
- Pedi pamoja na waya wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za kuchajia simu za bei ya chini hupitisha umeme tu, na ukifika hatua ya 6 utaulaani. Ujaribu mapema: unganisha simu na kompyuta, ukiona mafaili ya simu, waya unafaa.
- Monita, waya wake wa umeme, na waya wa picha uliokuja nao.
- Waya wa HDMI ambao umeuona ukifanya kazi kwenye TV. Usianze kazi na waya usioujua, maana ukikwama hutajua umlaumu nani.
- Kitu cha kutoa sauti: sabufa, spika ndogo za kompyuta au hedifoni.
- TV yenye HDMI kwa dakika kumi tu. Kama huna, mwombe jirani. Hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote.
- Tochi ya simu.

Konveta (kidude cha kubadilisha picha ya tundu la aina moja iingie kwenye tundu la aina nyingine) haimo kwenye orodha kwa makusudi. Usinunue mpaka umalize hatua ya 2.

Hatua ya 1: Soma matundu

Geuza monita, washa tochi, angalia chini ya kioo kwa nyuma. Matundu huwa yanatazama chini, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kuyaona vizuri. Utakuta moja au zaidi kati ya haya manne.

VGA: tundu lenye vishimo 15 katika safu tatu, mara nyingi rangi ya buluu, na nati mbili pembeni za kukazia skrubu. Linapokea picha ya analogi, na sauti haipiti.

DVI: kubwa kuliko VGA, mara nyingi jeupe, lenye vishimo vingi vya mraba na mfereji mmoja bapa pembeni. Ni la dijitali.

HDMI: dogo na bapa, pembe zote mbili za chini zimekatwa. Hili linabeba picha na sauti pamoja.

DisplayPort: linafanana na HDMI kiasi cha kumdanganya mtu gizani, ila pembe iliyokatwa ni moja tu. Monita nyingi za ofisi zinalo hili na hazina HDMI. Nimeshaona mtu akisukuma HDMI humo kwa nguvu mpaka ulimi wa plastiki wa ndani ukavunjika. Ikigoma kuingia, acha.

Sasa geuza gemu. PS4 na PS5 zina HDMI peke yake kwa picha. PS3 ina HDMI na lile tundu refu la AV. PS2 ina tundu la AV tu. Xbox 360 za mwanzo, za mwaka 2005 na 2006, hazina HDMI, nyingi zilizofuata zinayo. Switch inatoa HDMI kupitia kituo chake cha kuchomekea, sio kutoka kwenye mashine yenyewe. Switch Lite haitoi kabisa, kwa hiyo mwenye nayo aishie hapa.

Chukua karatasi, andika: "PS4: inatoa HDMI. Monita: inapokea VGA na DVI." Ukiwa na sentensi hizo mbili, hatua hii imekwisha.

Onyo moja kabla hatujaendelea. Kama unachokiita monita ni laptop, tundu la HDMI lililo ubavuni mwake linatoa picha, halipokei. Hata ukichomeka PS usiku kucha hakitatokea kitu. Nimeweka sehemu ya laptop mwishoni.

Hatua ya 2: Chagua njia, kisha ndiyo ununue

Hapa ndipo watu wanapoungulia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mambo mawili ya kushika. La kwanza: picha ina upande inakotoka na upande inakoingia. Konveta inayotoa HDMI kwenda VGA si sawa na inayotoa VGA kwenda HDMI, hata kama vichwa vinafanana na boksi ni la rangi ileile. Mto hauwezi kurudi mlimani kwa sababu umegeuza ndoo. La pili: dijitali na analogi ni lugha mbili. Ndani ya waya mtupu hakuna mkalimani. Lazima kuwe na chipu inayotafsiri, na chipu inataka umeme.

HDMI kwenda HDMI. Waya mmoja, umemaliza. Ruka hadi hatua ya 3.

HDMI kwenda DVI. Zote ni dijitali na zinazungumza lugha moja, kwa hiyo adapta ndogo isiyo na chipu, au waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili, inatosha. Picha inakuwa safi kabisa. Kama monita yako ina VGA na DVI zote mbili, chukua DVI. Mitego ni miwili: hutapata sauti kwa njia hii (hatua ya 7), na baadhi ya monita za zamani hazijui kufuli la HDCP. Hilo ni kufuli la kuzuia watu kurekodi filamu, gemu inamuuliza monita "una ufunguo?", monita ikikaa kimya picha haitoki. PS4 unaweza kuizima kufuli hiyo. PS3 huwezi, na ndiyo maana PS3 kwenye DVI ya zamani mara nyingi inakupa kioo cheusi bila kosa lako.

HDMI kwenda VGA. Unahitaji konveta yenye chipu. Ya kweli utaitambua hivi: upande wa gemu ni HDMI dume, au HDMI jike unayochomekea waya wako, na upande wa monita ni VGA jike, kwa sababu waya wa monita una kichwa dume. Ubavuni iwe na tundu dogo la sauti la milimita 3.5, na ikiwezekana tundu la USB la kuingizia umeme. Ukiona kifaa chenye VGA dume inayoning'inia na kiwaya cha sauti cha kuchomeka, hicho ni cha kutoa picha kwenye kompyuta ya zamani kupeleka TV. Ni kinyume cha unachotaka. Kirudishe.

Tundu la USB lina sababu. HDMI inatakiwa kutoa volti 5, lakini kiwango inacholazimika kukitoa ni miliampea 55 tu. Konveta nyingi hula zaidi ya hapo. Zikipungukiwa, picha inawaka na kuzimika, au inakuja gemu ikiwa kwenye menyu na kupotea mechi ikianza. Ukiipa umeme wa USB kutoka kwenye PS yenyewe, ugonjwa huo unaisha.

Kuna pia zile waya ndefu za bei chee, HDMI dume upande huu na VGA dume upande ule. Baadhi zimefichwa chipu ndani ya kichwa, baadhi ni shaba tupu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na muuzaji naye huwa hajui. Mimi sizigusi.

HDMI kwenda DisplayPort. Huu ndio mtego unaokamata hata mafundi. Dukani utapewa waya wa "DisplayPort to HDMI", utachomeka pande zote mbili vizuri kabisa, na kioo kitabaki cheusi. Waya huo umetengenezwa kwa kompyuta yenye DisplayPort kwenda TV. Wewe unataka kinyume: konveta iliyoandikwa "HDMI to DisplayPort", na karibu zote zina mkia wa USB wa umeme. Kama haina mkia wa USB, usitoe pesa. Kama monita ina VGA pia, konveta ya VGA kwa kawaida ni rahisi kupatikana.

Ukiweza, nenda dukani na gemu yenyewe na uombe kujaribiwa pale pale. Muuzaji anayekataa kujaribu amekujibu tayari.

Hatua ya 3: Andaa gemu ukiwa bado kwenye TV

Usiipeleke PS kwenye monita kwanza. Ichomeke kwenye TV ya kuazima, kwa sababu mbili. Utathibitisha kuwa tundu la HDMI la gemu ni zima. Na utabadilisha mipangilio ukiwa unaona. Ukifika kwenye kioo cheusi utakuwa unabonyeza kama kipofu.

Kwenye PS4 ingia "Settings", kisha "Sound and Screen", kisha "Video Output Settings". Kwenye "Resolution" (ukubwa wa picha) chagua 720p kama monita ni ya mraba-mraba (inchi 17 au 19 za zamani, vipimo 1280 kwa 1024) au ni 1440 kwa 900. Sababu: 1080p ina nukta 1920 kwa upana, na monita ndogo ikipitishiwa VGA huikataa kwa maandishi "Out of Range" au "Input Not Supported". Kama monita yenyewe ni 1920 kwa 1080, acha 1080p.

Rudi kwenye "Settings", ingia "System", ondoa alama kwenye "Enable HDCP". Hii ni lazima kwa DVI ya zamani, na inasaidia kwa konveta zenye kisirani. Gharama yake ni kwamba programu za filamu zinaweza kukataa kufunguka. Ukitaka kuangalia filamu, utairudisha.

Mwisho, "Sound and Screen", "Audio Output Settings", "Audio Format (Priority)": weka "Linear PCM". Konveta ndogo haijui kufungua sauti ya Dolby. Ukiiacha kwenye Bitstream utapata picha nzuri na ukimya wa makaburini.

Zima PS4 kabisa kwa kuchagua "Turn Off PS4". Usiiache kwenye "Rest Mode" yenye taa ya rangi ya chungwa.

Hatua ya 4: Unganisha waya, umeme ukiwa umezimwa

Chomoa gemu na monita ukutani. Watu hucheka hapa, lakini matundu ya HDMI mengi ninayoyaona yameungua yaliungulia hapa. Waya wa PS4 una pini mbili tu. Wa monita una tatu. Ukiwa na ekstensheni isiyo na ethi, bati la kifaa hukaa na umeme kidogo unaovuja, ule unaokusisimua vidole ukigusa chuma cha nyuma. Ukichomeka HDMI wakati huo, tofauti ya umeme kati ya vifaa viwili inapita kwenye pini nyembamba za waya. Mara nyingi hakitokei kitu. Siku kikitokea, unabadilishiwa tundu zima au chipu iliyo nyuma yake.

Mpangilio wa kuunganisha:

1. Waya wa VGA au DVI kwenye monita. Kaza skrubu zote mbili kwa vidole.
2. Upande wa pili wa waya huo kwenye konveta.
3. Waya wa USB wa umeme, kutoka konveta hadi tundu la USB la PS.
4. Waya wa sauti kwenye konveta, kama unao.
5. HDMI kwenye PS, mwisho kabisa.
6. Sasa rudisha umeme ukutani.

Kabla ya kuchomeka kichwa cha VGA, kiangalie kwa tochi. Pini zake ni nyembamba na hupinda. Pini ikipinda inyooshe kwa kibano taratibu, mara moja tu, ikirudiwarudiwa inakatika. Ukikuta nafasi moja haina pini, usiogope, waya nyingi za VGA zinatoka kiwandani hivyo.

Konveta isining'inie nyuma ya PS kwa uzito wa waya wa VGA, ambao ni mzito. Iwekee kitu chini, hata kiberiti. Uzito ule unavuta tundu la HDMI polepole, na baada ya miezi michache unaanza kusema "ukiigusa hivi inashika".

Hatua ya 5: Washa kwa mpangilio huu

Washa monita kwanza. Bonyeza kitufe cha "Input" au "Source" mpaka isome tundu ulilotumia: VGA wakati mwingine huandikwa "Analog" au "D-Sub", DVI huandikwa "Digital". Nimewahi kupanda daladala mbili kwenda kurekebisha monita iliyokuwa imewekwa DVI wakati waya uko VGA.

Kisha washa PS. Sababu ya mpangilio huo ni kwamba gemu inapoamka humuuliza monita inaweza kupokea picha za ukubwa gani. Monita ikiwa imezimwa, baadhi ya konveta hazijibu, na PS inabaki kubahatisha.

Angalia taa ya PS4. Itapepesa buluu, kisha itakuwa nyeupe. Nyeupe maana yake PS imekubali kuwa kuna kioo mbele yake, na ndani ya nusu dakika uone nembo kisha menyu. Ukiiona menyu, umefaulu. Nenda hatua ya 7.

Hatua ya 6: Kioo bado cheusi

Usianze kuchomoa kila kitu kwa hasira. Soma kwanza kioo kinasema nini, kwa sababu maneno yake yana maana tofauti.

Kikisema "Out of Range" au "Input Not Supported", shangilia kidogo: waya na konveta vinafanya kazi. Picha inafika ila ni kubwa mno. Punguza hadi 720p.

Kikisema "No Signal", au monita inalala, angalia taa. Taa ya PS ni nyeupe? Basi tatizo liko baada ya PS: konveta haina umeme, "Input" si sahihi, waya wa VGA umelegea, au umenunua konveta ya upande wa pili. Taa inapepesa buluu bila kukoma? PS haioni kioo chochote. Irudishe kwenye TV. Ikiwaka kule, lawama ni ya konveta. Ikigoma hata kule, peleka gemu kwa fundi kwanza.

Kioo kikiwa cheusi bila maandishi lakini taa ya monita ni ya kawaida, shuku HDCP.

Kama huna TV ya kurudia na unataka kupunguza ukubwa wa picha, tumia "Safe Mode". Zima PS4 kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie: utasikia mlio wa kwanza, kisha baada ya kama sekunde 7 mlio wa pili. Achia. Chomeka pedi kwa ule waya wa USB wenye data na ubonyeze kitufe cha PS. Bila waya, pedi haitasikika. Chagua namba 2, "Change Resolution", ambayo kwenye matoleo mapya imeandikwa "Change Video Output". PS itawaka kwa picha ndogo, na kutoka hapo unaingia "Settings" kuweka 720p.

Kwenye PS3, ikiwa na taa nyekundu, kandamiza kitufe cha kuwashia kama sekunde 5 hadi mlio wa pili. Itatafuta upya waya wa picha. Kwenye Xbox One yenye sehemu ya diski, izime, kisha kandamiza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kutolea diski mpaka mlio wa pili. Inaamka kwa picha ndogo ya 640 kwa 480.

Switch ina tabia yake. Kituo chake kinataka chaja kali. Ya kwake inatoa volti 15. Chaja ya simu inaweza kuichaji usiku mzima na isitoe picha hata ya sekunde moja.

Hatua ya 7: Sauti

Monita nyingi za ofisi hazina spika, na hata zenye spika, VGA na DVI haziziletei kitu. Una njia kadhaa.

Konveta yenye tundu la milimita 3.5: chomeka waya wenye kichwa cha hedifoni upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili, kwenye sabufa. Hii ndiyo njia inayotumika kwenye mabanda ya gemu na inatosha kabisa. Usichomeke hedifoni moja kwa moja humo ukitegemea mtikisiko; sauti yake ni ndogo, inataka kikuza sauti.

DVI bila konveta: chomeka hedifoni kwenye pedi ya PS4, kisha "Settings", "Devices", "Audio Devices", "Output to Headphones", chagua "All Audio". Usipobadilisha hapo utasikia sauti za kuchati tu na utadhani hedifoni ni mbovu. Kwa Switch, hedifoni au sabufa inachomekwa juu ya mashine yenyewe hata ikiwa kwenye kituo.

PS3 ina uungwana mmoja ambao wengi hawaujui: ingia "Sound Settings", washa "Audio Multi-Output", na sauti itatoka HDMI na kwenye tundu la AV kwa wakati mmoja. Picha inapita HDMI kwenda DVI, vichwa chekundu na cheupe vya waya wa zamani vinaingia kwenye sabufa, kile cha njano unakiacha kikining'inia.

Hatua ya 8: Nyoosha picha

Kwenye monita ya mraba-mraba, 720p itavutwa juu, na mabeki wako wote watakuwa warefu wembamba kama milingoti. Fungua menyu ya monita, tafuta "Aspect" au "Image Control", uchague kinachobakiza uwiano. Utapata mistari myeusi juu na chini. Kama monita haina chaguo hilo, hakuna dawa. Utazoea baada ya mechi tatu.

Picha ya VGA ikiwa imeteleza upande mmoja, bonyeza kitufe cha "Auto" cha monita.

Rangi zikiwa za ajabu kwenye VGA, rangi yenyewe inakuambia pini gani haishiki. Kila kitu kimekuwa samawati: nyekundu haifiki. Zambarau kali: kijani haifiki. Njano: buluu haifiki. Kaza skrubu, kisha kagua pini tena.

Weusi ukiwa kijivu kama umefifia, au giza likimeza kila kitu, rudi "Video Output Settings", kwenye "RGB Range", ujaribu "Full" na "Limited" moja baada ya nyingine. Acha ile ambayo unaona jezi nyeusi ina mikunjo.

Wenye PS2

PS2 ni kisa peke yake. Kuna kile kidude kidogo kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la AV na kutoa HDMI. Picha yake ni safi, lakini lazima uingie "System Configuration", "Component Video Out", na kuweka "Y Cb/Pb Cr/Pr". Ukiacha "RGB", rangi zitakuwa za mgonjwa wa homa ya manjano. Tatizo lake la pili: vingi havikuzi picha, na monita nyingi za kompyuta hazikubali picha ya PS2 ilivyo, hasa gemu za Ulaya zinazokwenda Hz 50.

Kwa monita, mimi hupendelea kisanduku cha AV kwenda HDMI chenye swichi ya 720p na 1080p, kinachopokea vile vichwa vitatu vya njano, nyeupe na nyekundu. Picha inakuwa laini kidogo, na pedi inachelewa kwa chembe utakayoihisi kwenye penalti. Lakini inawaka, kila mara. Na kama monita ina VGA tu, kile kisanduku cha TV cha monita, chenye AV ya kuingiza na VGA ya kutoa, kinafanya kazi hiyohiyo na kina sauti yake.

Kabla ya kuchomeka PS2 iliyotoka nje, soma karatasi iliyobandikwa chini yake. Ikiandikwa 100V ni ya Japani. Umeme wetu ni 230V. Itatoa moshi kabla haijatoa picha.

Wenye laptop

Njia ya kwanza ni kifaa cha kunasa video: kijiti kinachopokea HDMI na kuingia USB ya laptop, kisha unafungua programu kama OBS na kuiona PS humo. HDCP lazima izimwe, la sivyo utaona weusi tu. Kwa vijiti vya bei ndogo picha inachelewa, kwa hiyo vinafaa kurekodi kuliko kushindana.

Ya pili haihitaji waya wowote wa picha: programu ya PS Remote Play kwenye Windows au Mac, ikiwa PS4 au PS5 na laptop ziko kwenye ruta moja. Kwanza ingia "Settings" ya PS na uruhusu "Remote Play". PS uiunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, sio kwa Wi-Fi. Kuruka kwa picha kunapungua sana. Kwa pedi, tumia tena ule waya wa USB wenye data.